Paa kwanza, pazia baadaye

Nairobi ikizungumzia sinema zake za zamani, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye lawama moja: zimegeuzwa makanisa. Palipokuwa na skrini pana mimbari, palipobandikwa bango la filamu pana ratiba ya mkesha. Uchungu wa lawama hiyo ni wa kweli, ila anayebebeshwa siye. Anayetaka kujua jumba kubwa la sinema huuawa na nini, na huokolewa na nani, atazame majumba matano yaliyojengwa na kampuni moja, ndani na kando ya jiji moja, katika miezi 14, kisha kila moja likaachwa lijitafutie riziki yake.

Ni majumba ya kampuni ya Loew's, manne New York na la tano ng'ambo ya mto, Jersey City. Yalitangazwa kwa pamoja kama majumba ya maajabu. Valencia lilifunguliwa Queens, Januari 1929. Paradise la Bronx na Kings la Brooklyn yalifunguliwa siku moja, Septemba 7, 1929. Jersey likafuata Septemba 28. La mwisho, la Mtaa wa 175 Manhattan, lilifunguliwa Februari 1930, miezi minne baada ya soko la hisa kuporomoka. Hakuna lililokuwa na viti pungufu ya 3,000. Kila moja lilipewa kinanda cha mabomba cha Robert Morton chenye ngazi nne za vibonyezo, ndugu watano wa tumbo moja.

Kujenga majumba hayo halikuwa wazimu kama inavyoonekana leo. Loew's ndiyo iliyomiliki studio ya MGM, kwa hiyo jumba lilikuwa duka la kuuzia bidhaa ya nyumbani. Mtu alinunua tiketi moja akapata filamu, kinanda, waimbaji na wachekeshaji jukwaani, na wakati wa joto akapata pia ubaridi, kwa kuwa viyoyozi vilianza kuingia kwenye sinema za New York katikati ya miaka ya 1920, kabla havijaingia majumbani mwa watu. Hesabu hiyo ilikatwa mguu mwaka 1948, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua dhidi ya studio zilizokuwa na sinema zake zenyewe. Loew's na MGM zilitengana kabisa mwaka 1959. Wakati huo televisheni ilishaingia sebuleni, na wateja wenye magari walishahamia viunga vya miji. Ukumbi wa watu 3,600 ukabaki na watu 200 wanaosikia mwangwi wa vikohozi vyao. Sisi yalitupata hayohayo kwa kuchelewa kidogo: kanda za video zilikuja, vikafuata vibanda umiza vya kuzionyeshea.

Kilichoyatokea majumba hayo matano baada ya hapo ndicho kinachostahili kusomwa taratibu.

La Mtaa wa 175 lilifungwa mwaka 1969 na likanunuliwa mwaka huohuo na mhubiri aliyejulikana kama Reverend Ike. Valencia lilitolewa kwa kanisa mwaka 1977. Paradise lilikatwa vipande: mwaka 1973 liligawanywa sinema mbili, baadaye zikaongezeka hadi nne, likafungwa mwaka 1994, likarudi kama ukumbi wa muziki mwaka 2005, na mwaka 2012 kanisa likalipanga. Jersey nalo liligawanywa sinema tatu, likafungwa mwaka 1986 na mwenye kiwanja akataka kulivunja. Jiji likalinunua mwaka 1993 na wakazi wa kujitolea wakashinda humo miaka mingi na ndoo, nyaya na brashi. Kings lilifungwa mwaka 1977. Halikupata mhubiri wala mpangaji. Jiji lililichukua kwa ajili ya kodi zisizolipwa, likalifunga kwa makufuli, likalingoja tajiri.

Tajiri alichelewa zaidi ya miaka 30. Kings lilipofunguliwa tena, Februari 3, 2015, ukarabati ulikuwa umemeza takriban dola milioni 95. Gawa kwa viti takriban 3,000 vilivyopo sasa: zaidi ya dola 30,000 kwa kila kiti. Wakati huohuo Valencia, ambalo wengi waliliona limekwisha tangu siku lilipopewa waumini, lilikuwa bado na dari yake iliyochorwa kama anga la usiku, kuta zake za mji wa Kihispania na karibu mapambo yake yote. Rangi zilibadilishwa, naam, na kwa ladha isiyokuwa ya mbunifu wake, John Eberson. Lakini rangi iliyopakwa juu ya rangi ni blanketi. Iliyo chini imelala tu.

Tofauti ya Kings na Valencia ni paa: la Valencia lilikuwa na waumini chini yake wa kuona linapovuja, la Kings halikuwa na mtu. Hapa inafaa kupanda ngazi tuone.

Paa la majumba haya kwa kawaida huwa bapa au lenye mteremko mdogo mno, limefunikwa tabaka kadhaa za lami na karatasi ya kuezekea. Maji hayamwagiki pembeni kama kwenye bati. Yanakusanywa kwenye matundu machache, kisha yanateremka kwa mabomba ya chuma yaliyofichwa ndani ya kuta, mara nyingi nyuma kabisa ya mapambo ya bei mbaya. Tundu moja likizibwa na majani au manyoya ya njiwa, maji yanatuama. Sentimita 10 za maji juu ya mita za mraba 100 ni tani 10. Kenchi zinalemewa, paa linabonyea kidogo, na kwa kuwa limebonyea dimbwi la mvua ijayo linakuwa kubwa zaidi. Kwenye nchi za baridi kuna balaa la pili: jengo lisilowashwa moto, maji yaliyobaki ndani ya bomba huganda na kutanuka, bomba hupasuka kimyakimya, na barafu ikiyeyuka mvua ya paa zima inamiminika ndani ya ukuta. Mlinzi aliye mlangoni hajui lolote mpaka doa lijitokeze upande wa ukumbini, na doa likijitokeza kazi imeshaharibika zamani.

Chini ya paa kuna dari ambayo mtazamaji huidhania jiwe. Ni plasta ya jipsamu, unene wa sentimita mbili au tatu, imebandikwa juu ya wavu wa chuma. Wavu umefungwa kwa waya kwenye vyuma vyembamba, na vyuma hivyo vinaning'inia kutoka kwenye kenchi. Kuba zima, pamoja na maua yake na malaika wake, limetundikwa kama chandarua. Mapambo mazito yalifinyangwa chini, kwenye kalibu, yakiwa yametiwa nyuzi za kuyashika yasivunjike: juti, kitani, au katani, ileile ya mashamba ya Tanga. Kisha yakapandishwa na kufungwa mahali pake.

Jipsamu na maji haviivi chungu kimoja. Ikilowa mara moja ikakauka, huenda ikasalimika. Ikilowa na kukauka mwaka baada ya mwaka inapoteza nguvu na kuwa laini kama chaki, chumvi zinatoka juu kama unga mweupe, rangi inabanduka. Nyuma yake wavu unashika kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inaisukuma plasta kutoka ndani na kuvunja vile vidole vya plasta vilivyopenya kwenye matundu ya wavu na kuushikilia. Waya wa kutundikia, ambao ni mwembamba kuliko vyote, ndio hukatika kwanza. Na ukikatika mmoja, mzigo wake unahamia kwa jirani.

London ilikumbushwa jambo hili Desemba 19, 2013. Sehemu ya dari ya ukumbi wa Apollo, jengo la mwaka 1901, ilianguka juu ya watazamaji katikati ya onyesho na kujeruhi watu zaidi ya 70. Ukumbi ule ulikuwa unatumika kila wiki na ulipendeza macho. Ila kilichoishikilia dari yake hakikuwa waya. Zilikuwa kanda za kitambaa cha gunia zilizochovywa kwenye plasta na kuviringishwa kwenye mbao, na baada ya zaidi ya miaka 100 na unyevu wa hapa na pale, gunia lilikuwa limeoza. Dari ya aina hiyo haikaguliwi ukiwa umesimama ukumbini na kurunzi. Inakaguliwa kutoka juu, mtu akitambaa kwenye njia ya mbao kati ya kenchi, akigusa kifungo kimoja kimoja na kukiandika kwenye ramani.

Hapo ndipo ukarabati wowote wa kweli unapoanzia, na ndipo wafadhili wengi wanapochoka, maana hakuna cha kupigia picha. Mwaka wa kwanza fedha zinakwenda kwenye lami, matundu ya maji, mabomba, umeme uliooza, na kuondoa asibestosi iliyovishwa mabomba ya joto. Anayeanza kwa kupaka dhahabu kabla hajamaliza paa amenunua dhahabu ya kuoshea mvua.

Paa likishaziba, jengo linaachwa likauke. Si kwa kuwasha mashine za joto kwa nguvu. Plasta ikikaushwa kwa pupa hupasuka na chumvi hukimbilia juu. Madirisha na milango ya hewa hufunguliwa na kipimo cha unyevu kikafuatwa kwa miezi. Kisha kiunzi kinapandishwa mpaka darini, na fundi anapita na kifundo cha kidole. Plasta nzima hulia kwa mlio mkavu. Iliyoachia wavu hutoa sauti tupu, kama nazi mbovu. Palipoachia padogo, anatoboa vitundu na kusukumia gundi au anairudisha kwa skrubu zenye vikombe vipana. Palipooza, anakata hadi pazima na kuanza upya.

Mapambo yaliyokufa hurudishwa kwa kumwomba ndugu aliye hai. Ukumbi wa Rapp na Rapp, wabunifu wa Kings na Jersey, una uwiano wa kulia na kushoto, kwa hiyo ua lililoporomoka upande mmoja karibu daima lina pacha wake upande wa pili. Fundi husafisha pacha, huziba nyufa zake kwa nta, humpaka dawa ya kumzuia asinate, kisha tabaka za mpira wa silikoni, na nje yake ganda gumu la kuushika mpira usipinde. Ndani ya kalibu hiyo humiminwa plasta na nyuzi. Kosa la mara kwa mara ni kusahau kwamba pacha naye amevaa tabaka tano za rangi. Asipovuliwa kwanza, ua jipya linatoka limevimba, kama mtu aliyepigwa picha na koti la mvua.

Rangi nayo ina mahakama yake. Kipande kidogo kuliko punje ya mchele hukatwa kwa kisu, hugandishwa na kutazamwa kwa hadubini ubavuni, tabaka juu ya tabaka. Ile ya kahawia iliyo juu mara nyingi si rangi ya mtu yeyote. Ni moshi wa sigara za miaka 40. Na kile kinachoitwa dhahabu aghalabu si dhahabu. Majumba mengi ya wakati huo yalipakwa karatasi nyembamba za shaba-zinki, au za alumini zilizopigwa vanishi ya manjano, kwa kuwa kwa taa hafifu na umbali wa mita 20 hakuna anayejua. Vanishi ikichakaa, shaba inageuka kijani na alumini inarudi kuwa fedha. Mkarabati anayeweka dhahabu halisi hapo anajionyesha tajiri kuliko waliojenga, na kwa kweli amekosea.

Kings walikwenda kwa mpangilio huo. Plasta ilirudishwa, zulia likafumwa upya kwa kufuata mabaki ya lile la 1929, taa kubwa za vioo zilizosalimika zikasafishwa na zilizopotea zikaundwa kwa mfano wake. Lakini uamuzi mkubwa kuliko yote haukuwa wa urembo. Ukuta wa nyuma ya jukwaa ulibomolewa, jukwaa likaongezwa kina. Jumba la sinema lilijengwa kwa ajili ya skrini, na skrini haihitaji kina. Onyesho la leo linakuja na malori ya taa na spika, linahitaji mlango mpana, sakafu ya kubeba mzigo na nyaya za kutundikia tani kadhaa. Bila upanuzi huo Kings lingekuwa makumbusho mazuri yasiyoweza kulipa bili ya umeme. Usiku wa ufunguzi aliyesimama jukwaani alikuwa Diana Ross, mwanamuziki. Jiji limebaki na umiliki wa jengo na limelipangisha kwa mwendeshaji kwa mkataba mrefu.

Wapo wanaolalamika kwamba hiyo si sinema tena. Tangu lini ilikuwa sinema tupu? Mwaka 1929 filamu ilikuwa nusu ya tiketi.

Hata vile vinanda vitano vinatoa somo. Cha Jersey kiliuzwa na leo kinalia Arlington, ukumbi wa Santa Barbara, California. Cha Valencia kiko Balboa, San Diego. Jersey lilipotaka kinanda tena, lilipewa cha Paradise. Vitu vinavyofunguliwa kwa spana huhama na hupona. Dari haihami.

Sasa turudi kwenye makanisa yetu. Mwenye jengo akilipangisha sinema ya zamani kwa kanisa, ukumbi wa harusi au duka la samani, si lazima awe ameliua. Linaloliua ni mkataba wa kurasa mbili usiosema chochote zaidi ya kodi. Yapo mambo yanayorudishika na yasiyorudishika, na mkataba uyataje kwa majina. Kupaka rangi ya maji juu ya mapambo kunarudishika. Kufunika dari ya zamani kwa dari bandia kunarudishika, mradi hiyo mpya itundikwe kwenye kenchi au ukuta na isipigwe hata skrubu moja kwenye plasta. Kutoboa kuba kupitisha mabomba ya kiyoyozi hakurudishiki.

Sakafu ndiyo hugombanisha zaidi. Ukumbi wa sinema una mteremko, na waumini au wageni wa harusi wanataka tambarare. Njia ya haraka ni kumwaga zege. Tuseme wastani wa sentimita 10 juu ya mita za mraba 500: ni mita za ujazo 50, takriban tani 120, zilizoongezwa juu ya sakafu ambayo pengine ina njia za hewa chini yake na haikupigiwa hesabu hiyo. Jukwaa la mbao lenye miguu inayorefuka kuelekea mbele linafanya kazi ileile, linaacha nafasi ya kupitisha nyaya, na siku mpangaji akihama linafunguliwa kwa siku mbili. Ngara, jijini Nairobi, iliyokuwa sinema ya Shan iligeuzwa Sarakasi Dome, ukumbi wa wanasarakasi na wacheza dansi. Matumizi mapya si tusi.

Pwani kazi ni ngumu zaidi kwa sababu ugonjwa unatofautiana nyumba na nyumba. Vuga, mjini Zanzibar, Majestic ni mfano mzuri. Hapo kwanza palisimama Royal, iliyofunguliwa mwaka 1921 na mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla kwa mchoro wa John Sinclair, aliyechora pia Mahakama Kuu. Iliungua mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikiwa imeshaitwa Majestic, na jengo la sasa ni la mwaka 1955. Limezungukwa na nyumba za mawe na chokaa, za Mji Mkongwe uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000, lakini lenyewe ni la enzi nyingine. Fundi wa chokaa wa Zanzibar ni bingwa, na anajua kwamba ukuta wa mawe ukipigwa lipu ya saruji unanyimwa pumzi na kuoza kwa ndani. Ujuzi huo hautoshi kwa majengo ya miaka ya 1950 ya zege na nondo. Huko adui ni chumvi ya bahari inayopenya mpaka kwenye nondo. Nondo inavimba kwa kutu, zege linapasuka kwa mstari mnyoofu unaofuata nondo, kisha linabanduka.

Dawa inayotumika mitaani ni kusawazisha kwa saruji na kupaka chokaa. Inashika masika mawili. Kinachotakiwa ni kuchimba zege hadi nyuma ya nondo, kiasi cha kuingiza vidole, kuisugua mpaka chuma king'ae, kuosha chumvi kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, kuongeza nondo pale iliyobaki imekonda, kuipaka dawa, ndipo kiraka cha mchanganyiko usionywea kisukumwe kwa nguvu na kumwagiliwa siku kadhaa. Mchanga usiwe wa ufukweni. Inachosha kulisema, lakini bado unatumika.

Hukohuko Mji Mkongwe, jumba la Beit al-Ajaib liliporomoka sehemu Desemba 25, 2020, likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa. Kwa hiyo hata kuwepo kwa mafundi si kinga ikiwa mzigo haukushikwa kwanza. Kwa sinema zetu ambazo bado zina paa, hatua ya kwanza haihitaji mfadhili: watu wawili, ngazi, koleo na magunia, mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Wazoe majani, wang'oe miche ya mitini ingali na mizizi ya unene wa penseli, wamwage ndoo ya maji kwenye kila tundu na mwenzao asimame chini aone yanatokea wapi, na kwa muda gani. Ndoo ikiingia na maji yasitokee, yamekwenda ukutani. Gharama hiyo inaweza kukatwa kwenye kodi ya mpangaji yeyote, mchungaji au muuza sofa, kwa sharti kwamba picha za paa zimfikie mwenye jengo kabla mvua haijaanza.